Udongo wa Shingoni

Kwenye basi la kwenda Kolhapur, huko India, mama mmoja aliyepakata kopo la maziwa alimuuliza kijana mwanamieleka aliyeketi kando yake, "Shingo hiyo inauma, mwanangu?"

Kijana akageuka mwili mzima, kama mlango. "Haiumi, mama. Nimeipaka udongo wa ulingoni, ndiyo dawa yetu. Mwalimu kasema mwili ni mvivu, ukiusikiliza hufiki popote."

"Mwanangu Yashwant naye shingo ilimuuma, akaambiwa hivyohivyo, akaendelea na mazoezi ya kusimama kwa kichwa. Pumzika, baba."

"Labda alikuwa legelege. Mimi Jumapili nina pambano."

Mama alikaza kifuniko cha kopo. "Bado namsagia lozi kwenye maziwa, kama zamani. Siku hizi namnywesha kwa kijiko."

Basi liliposimama mbele ya kambi ya mieleka, kijana aliteremka taratibu, akainama langoni, akachota udongo, akajipaka shingoni.