Chumba Chenye Kiyoyozi

Benchi langu halina mgongo na wateja wangu hawana haya, au ndivyo nilivyodhani. Nauza kahawa mkabala na geti la kiwanda cha nguo kilichofungwa, na wanaokaa hapa ni walewale waliokuwa wakifanya kazi humo: Fundi Waya wa umeme, Chuma, dereva wa foklifti, na Profesa wa stoo, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. Asubuhi ile mkokoteni wa vyuma chakavu ulitoka getini umebeba kompyuta ya zamani ya kiwanda, kabati refu kama friji, swichi zimejipanga kifuani. Basi wakaanza.

CHUMA: Lile dude nalo linaondoka!

FUNDI WAYA: Dude babu yako. Lile lina ukoo wake: mdogo, wa kati, mkubwa. Programu ya mdogo ukimpa mkubwa, anaipokea bila maneno.

CHUMA: Kumbe wanaelewana kuliko ukoo wetu.

FUNDI WAYA: Na kumbukumbu yake ni vipete vya chuma, vidogo kama mbegu za mchicha, vimetungwa kwenye nyaya kwa mkono. Umeme ukikatika, haisahau kitu.

PROFESA: Kama haisahau, michoro yetu ya vitambaa ilipoteaje?

FUNDI WAYA: Michoro ilikuwa kwenye kanda za sumaku, kule rafuni. Kanda ndizo zilizofutika.

PROFESA: Unyevu huo. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

CHUMA: Unyevu wapi, na chumba cha kompyuta ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi? Panya hao.

PROFESA: Panya anakula michoro?

CHUMA: Mwenye njaa anachagua?

PROFESA: Basi ni washindani wetu. Walirusha mawimbi kutoka angani, yakapenya ukuta, yakafuta maua yote, yakaacha mistari.

CHUMA: Au kanda zenyewe zilichoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

FUNDI WAYA: Jamani, si walishasema ni uzembe wa yule dada aliyezitunza? Wakamfukuza. Yakaisha.

Alisema hivyo akitazama ndani ya kikombe.

CHUMA: Lakini si zilikutwa tupu Jumatatu, baada ya ile sherehe ya kumuaga meneja? Tulicheza siku ile mpaka...

PROFESA: Chuma, kunywa kahawa.

Miaka yote nimewasikia wakibishana juu ya kanda zile, na kila wakifika kwenye sherehe, mmoja anawahi kubadilisha mada. Mimi nilidhani ni kuchoka tu.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja, mkoba kwapani, akiutazama mkokoteni ukipotelea kona. Fundi Waya alipogeuka na kumwona, kahawa ikammwagikia suruali.

– Hamjambo, kaka zangu.

– Dada... hatujambo. Karibu kahawa.

– Nimekuja kuiaga mashine yangu. Kila asubuhi niliiamsha kwa swichi zile, hii juu, hii chini, vidole vinajua vyenyewe.

Akamgeukia Fundi Waya.

– Kaka Waya, Jumamosi ile ya sherehe uliniomba ufunguo wa chumba cha mashine. Ulisema ukumbini kuna joto, mnataka kuchezea muziki kwenye kiyoyozi. Nikakupa, nikampeleka mwanangu hospitali.

– Ni kweli, dada.

– Mama yangu amekufa akiamini amezaa mzembe. Sijaja kugombana. Nauliza tu: lile spika kubwa, lenye sumaku mgongoni, sumaku inayofuta kanda, mliliweka wapi?

Fundi Waya akainama. Chuma akajifuta uso kwa kofia yake. Aibu iliwakaa wote watatu waziwazi, mpaka mimi nisiyehusika nikaona haya kuwatazama. Profesa akafungua mdomo.

– Wahenga walisema...

Akakwama. Tulimsubiri, na yule mama naye akamsubiri.

Mmoja mmoja wakainuka, bila kuaga, kila mtu na njia yake. Yule mama akakaa pale walipotoka. Nikammiminia, akanywa polepole, akinitazama kana kwamba mimi ninalo jibu. Birika langu, ambalo huisha kabla ya ubishi wao, siku hiyo lilibaki nusu.