Marehemu Donati Matimbwa, Dereva Asiyekunywa

Ndugu waombolezaji, marehemu Donati Octavian Matimbwa, ambaye wengi wenu mlizoea kumwita Donati Mlevi, alizaliwa Michenga tarehe 14 Machi 1943, mtoto wa pili wa Mzee Octavian na Mama Merina, akasoma hadi darasa la nne, akaishia hapo kwa sababu ya mafuriko yaliyobeba mpunga wote wa nyumbani.

Mwaka 1962 alianza kazi ya utingo, mwaka 1967 akapata leseni, na kwa miaka ishirini na mitatu akasomba miwa kwa lori la mkandarasi mmoja bila kukwaruza hata kuku. Tarehe 20 Septemba 1969 alifunga ndoa na Tekla hapa Ifakara, wageni wakanywa pombe na bwana harusi akanywa togwa, maana pombe hakuwahi kuionja, wakajaliwa watoto watatu, Evod, Brigitha na Jofrey.

Mwaka 1990, pale Mkula, aligonga mbuzi aliyekuwa kando ya barabara, na mwezi uliofuata akamgonga mwendesha baiskeli, ambaye Mungu alimnusuru, na mara zote mbili akasema hakuona kitu. Mkandarasi akampeleka zahanati, akasomeshwa herufi za ukutani, akazisoma zote mpaka zile ndogo kama sisimizi, basi wakakata shauri kwamba mwenye macho mazima asiyeona baiskeli ni mlevi, wakamfukuza kazi tarehe 12 Novemba.

Jina hilo lilimtangulia mpaka sokoni, akipamia mafungu ya nyanya mlisema kalewa, akiamkiwa na watoto kutoka ubavuni asiitikie mlisema kalewa, tena ana dharau, kumbe mwenzenu alikuwa anaona mbele tu, na wala hakujua kwamba watu wengine wanaona zaidi ya hapo.

Agosti 1997 alikuja daktari wa macho, mgeni, akamtia matone, akamulika ndani, akamweleza mbele ya mkewe kwamba hii ni presha ya macho, imekula mshipa wa jicho kuanzia pembeni kwa miaka mingi, na zile herufi zilipima katikati tu. Alisema kwao Ulaya wameanza kutumia mashine inayopiga picha tabaka za nyuma ya jicho kwa mwanga, bila kuligusa, ikauona ugonjwa kabla mgonjwa hajajijua, lakini hata bila mashine hiyo, mtu angemmulika tu mwaka 1990, angeugundua, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Marehemu alilia, kisha akawapitia majirani nyumba kwa nyumba kuwaeleza, wakamcheka, wakasema ulevi siku hizi una jina la kitaalamu.

Mwaka 1998 akapofuka kabisa. Tarehe 27 Aprili mwaka huu alitumbukia mtaroni, mvua ikamnyeshea asubuhi nzima, na watu walipita, tunawajua, wakasema mwacheni pombe imtoke. Alipata homa ya mapafu, akafariki tarehe 6 Mei 1999.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku tisa, madereva wenzake waliochonga jeneza, na ninyi majirani, tunawashukuru kwa turubai.

Mimi Marsiana, mdogo wake, aliniachia neno moja, kwamba daktari alisema ugonjwa huu hurithiwa, watoto wapimwe. Leo asubuhi Evod, akiwa amebeba jeneza la baba yake, alipamia benchi lililokuwa kushoto kwake akaanguka, nikasikia kicheko nyuma yangu, na mtu akisema kwamba huyu naye kairithi chupa. Jumatatu tunampeleka akamulikwe.

Kaka Donati, hukunywa. Pumzika.