Paka Aliyepakwa Manjano

Mzee Mwinyimvua hakuwa na iodini, hakuwa na bandeji, wala hakuwa na ujasiri wa kumwambia mkewe, aliyekwenda Dar kumwuguza binti yao aliyejifungua, kwamba paka wake amechanika mguu. Alikuwa na manjano tu. Akampaka tele, akapanda naye basi la Dar kutoka Kiwangwa, ashuke Bagamoyo kumtafutia dawa.

“Shikamoo, mzee. Huyo paka anaolewa leo?” aliuliza Mize, mwanamke aliyekaa naye kiti kimoja. Abiria wakaangua kicheko.

“Marahaba. Hiyo ni dawa, mwanangu. Huduma ya kwanza nimeisoma darasa la jioni, na cheti ninacho.”

“Cheti hakikusema paka hujilamba? Ungemwosha kwa maji ya chumvi, basi.”

“Chumvi itamwasha!”

“Kidogo tu. Mwenyewe ni nani?”

“Mke wangu.”

“Ala! Huyo ndiye atakayewaka.”

Basi likasimama Bagamoyo. Mzee akatoa barua aliyokuwa amemwandikia mkewe, akaongeza kwa mwandiko safi: “Paka alikwaruzika kidogo. Nimemwosha kwa maji ya chumvi, kama kitabu kinavyoelekeza.” Chumvi angeitafuta baadaye. Akalamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi dereva aifikishe Dar.