Zimamoto Aliyefia Kitandani Kwake

Ndugu, majirani na marafiki, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya marehemu baba yetu mdogo, ambaye wengi wenu mlimwita Ngazi, kwa urefu wake uliomfanya ainamie kila mlango.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ya nyuma ya soko, na mwaka 1972 akajiunga na kikosi cha zimamoto cha mji huu, akianza kwa kuosha magari na kukunja mipira ya maji hadi akawa mkuu wa zamu.

Mwaka 1978 alimuoa mama mdogo, muuguzi aliyekwenda kituoni kulalamika kwamba king'ora kinawaamsha wagonjwa wake, king'ora kikabaki vilevile, mlalamikaji akaolewa, na wakajaliwa mabinti watatu.

Agosti 1989 jengo la mafundi cherehani lilishika moto mchana, marehemu akawatoa watu kadhaa, akarudi kumfuata mama mjamzito aliyenasa ghorofa ya juu, na ngazi za ndani zikaporomoka nyuma yake. Watu walianza kumpa pole mama mdogo, aliyekuwa amekimbilia pale barabarani, naye akaikataa, akasema, "Pole ya nini? Mimi sijaona maiti." Wenzake walizungusha gari uchochoroni, wakakata nondo za dirisha kwa msumeno, akateremka kwa ngazi ya gari na yule mama begani, wote wazima, uso mweusi kwa masizi, na mama mdogo akacheka, akalia, kisha akamfokea mbele ya umati, "Wewe mwanamume, utaniua kwa presha!"

Tangu hapo aliingia jikoni kwa kila mtu kukagua mitungi ya gesi, mkamwona msumbufu, lakini mitaa yetu ikalala salama.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua, na Jumanne iliyopita asubuhi alifariki nyumbani. Mama mdogo amelia, lakini ametutuma tuseme bila haya kwamba ana nafuu moyoni, kwani kila gari la kikosi lilipotoka alijiandaa kuwa mjane, na sasa mumewe amezeeka, amefia kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na kikosi kizima, hasa walioshika ule msumeno uchochoroni.

Baba, wajukuu zako wamekufahamu. Pumziko lako na liwe la amani.