Mzee Musembi na Nafasi ya Sentimita Moja

Ijumaa tarehe 17 Desemba 1999, king'ora cha saa kumi na moja jioni kitakapolia hapa Ruiru, Bwana Urbanus Musembi atakuwa amekitumikia kiwanda chetu kwa miaka thelathini na miwili na miezi kumi. Aliingia Februari 1967 akiwa kibarua wa kubeba mbao, na anatoka akiwa msimamizi wa idara ya sakafu. Katika miaka hiyo yote alichelewa kazini mara mbili tu, na mara zote mbili alikuja na barua ya maelezo ambayo hakuna aliyemwomba.

Ni mwenyeji wa Ngoliba. Tangu 1974 anaishi Kamenu, Thika, na mkewe Bi. Ngina, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Mbinya kwa jina la binti yao wa kwanza. Mzee hanywi chai isiyo na tangawizi, hapendi redio kazini, na akikuita kwa majina yako yote mawili ujue una kesi ya kujibu.

Kazi iliyompa jina ni ile ya vibao vifupi vya sakafu, vile vya mahogani tunavyovipanga kwa mishazari na kuvibandika kwa lami. Mfukoni mwa ovaroli alitembea na wembe uliofungwa kwa karatasi. Ukimaliza sakafu, Mzee anapiga magoti na kujaribu kuupenyeza wembe kati ya kibao na kibao, na kati ya kibao na ukuta. Wembe ukipita, unabandua na kuanza upya. Nimeshuhudia wanaume wenye watoto wa sekondari wakikaribia kulia kwa sababu ya ule wembe. Sakafu zake zipo mpaka leo katika majumba mengi ya Thika, na sijasikia hata moja iliyoinuka.

Mwaka 1997 mambo yalitubana. Wateja walianza kuulizia mbao za lamineti kutoka ng'ambo, zile nyembamba za unga wa mbao uliogandamizwa, zenye picha ya mbao kwa juu. Oda za vibao vyetu zikakauka. Mwezi wa Oktoba meneja wetu, Bwana Awiti, aliita idara nzima, Mzee Musembi na watu wake wanane, akawaeleza bila kuzunguka kwamba idara itafungwa Desemba. Mlango ulikuwa mmoja tu. Bi. Njambi, wakala wa lamineti kutoka Nairobi, alikuwa anatafuta mafundi wa kuzipiga majumbani mwa wateja wake. Alitaka kwanza aone sakafu moja iliyopigwa na watu wetu katika nyumba inayokaliwa. Akiridhika, wote tisa wanabaki. Asiporidhika, wanapewa barua za kuachishwa kazi.

Barua zenyewe zilikuwa tayari. Najua kwa sababu mimi ndiye karani wa ofisi, na nilizipiga taipu kwa mikono yangu, tisa, nikazifungia kwenye droo. Kila asubuhi niliwasalimia watu hao na ufunguo wa droo ukiwa shingoni mwangu. Sikuwa na raha hata kidogo.

Mzee alikuwa amebakiza miaka miwili. Angeweza kuchukua chake mapema na kwenda kulima Ngoliba, na hakuna ambaye angemsema. Badala yake alisimama akasema, "Mleteni huyo mama kwangu. Nitapiga sebule yangu." Hakuwa amewahi kushika ubao mmoja wa lamineti maishani mwake.

Kuchagua kwenyewe kulikuwa vita. Wakala alituma vipande vya mfano vya rangi nne. Mzee aliviangushia nyundo, akaviburutia kiti, akakimwagia kila kimoja chai ya moto akaiacha mpaka ikapoa. Viwili vilivimba ukingoni, akavitupa. Kati ya viwili vilivyobaki yeye alitaka kile cheusi kinachofanana na mahogani. Mama Mbinya hakubishana. Alitoka nje na kiatu, maana mvua ya El Nino ilikuwa imeigeuza Kamenu yote kuwa tope jekundu, akarudi akakanyaga vipande vyote viwili mara mbilimbili. Kile cheusi kikaonyesha kila unyayo. Kile cha kahawia hakikuonyesha kitu. "Wewe unapiga mara moja," alimwambia mumewe, "mimi napiga deki kila siku." Ikawa cha kahawia.

Makatoni yalifika Kamenu Jumatano. Mzee aliyaacha sebuleni siku mbili yazoee hewa ya nyumba, kama afanyavyo kwa mbao zozote. Akatandika nailoni juu ya simiti kuzuia unyevu, na juu yake ule mpira mwembamba uliokuja na makatoni. Ijumaa akachukua ruhusa akaanza kupiga. Mbao hizo huingiana kwa ulimi na mfereji, unapaka gundi nyeupe, unagonga taratibu mpaka mstari unapotea. Kufikia Jumamosi jioni alikuwa amemaliza, na hapakuwa na ubao hata mmoja wa akiba. Bwana Awiti alipita Jumapili akaikagua huku amevua viatu. Wembe haukupita popote, hata ukutani. Bi. Njambi alitarajiwa Jumatano saa nne asubuhi, na Jumatatu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nilisikia watu wakicheka huko idarani.

Jumanne saa sita mchana simu ya ofisi ililia. Alikuwa Mama Mbinya, anapiga kutoka dukani, na mvua ilivuma nyuma ya sauti yake. "Zainab, mwambie Baba Mbinya aje. Hii sakafu inafura. Katikati imekuja juu kama andazi."

Mzee aliweka chini kazi yake. Alichukua mfuko wake wa vifaa, na Bwana Awiti akanituma niende naye nikiwa na karatasi ya maelekezo iliyokuja na makatoni. Tulikuta mbao za katikati ya sebule zimeinuka kiasi cha kuingiza ngumi chini yake, na ukizikanyaga zinalia. Mzee aliizunguka ile sakafu yote. Kuibandua hakukuwezekana, kwa kuwa gundi ilikuwa imekauka na kila ubao ungevunjika ulimi. Hayakubaki hata masaa ishirini na mawili.

Nilifungua ile karatasi juu ya meza. Ilikuwa ya lugha nisiyoijua, lakini michoro inasomeka popote. Mchoro wa tatu ulionyesha vikabari vidogo vimepangwa kati ya mbao na ukuta pande zote, na pembeni imeandikwa milimita kumi. Nikamwonyesha. Mzee aliufuata kwa kidole. "Hivi vikabari niliviona kwenye katoni," alisema. "Nikadhani ni vya watu hawajui kupima."

Basi kosa likajulikana. Mahogani yake iliyobandikwa kwa lami haihitaji nafasi, inashikwa na simiti. Lamineti haishikwi na chochote, inalala tu, na hewa ya mvua ikiingia inatanuka. Inataka sentimita moja kila upande ya kutanukia, halafu ubao wa ukutani unakuja kuziba huo mwanya usionekane. Yeye alikuwa ameibana ukuta hadi ukuta, kwa ustadi wote wa miaka thelathini. Fundi mbaya angeacha mianya kwa uzembe na sakafu yake ingelala vizuri tu.

Alivua koti akapiga magoti na patasi. Alianza ukuta wa dirishani, akachonga sentimita moja ya ile kazi yake mwenyewe, pole pole, maana patasi ikiteleza ubao unapasuka na mtu anaona. Nilimwomba niite wawili watatu kutoka idarani waje kumsaidia. Akakataa. Alisema ikiharibika iharibike mkononi mwake, wasije kusema ni fulani. Mama Mbinya alikuwa akifagia vumbi nyuma yake. Ukuta wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Sakafu haikushuka hata kidogo. Saa kumi na moja alimaliza wa nne, akakaa chini ameegemea mlango, na nikamsikia akiwataja watu wake kwa majina, mmoja mmoja, wote wanane. Niliangalia nje kwa sababu sikutaka anione ninalia.

Kisha kukasikika mlio mkali, tukaruka. Tulidhani imepasuka katikati. Mzee akatambaa, akaweka kiganja, akasema, "Inashuka."

Kufikia asubuhi ya Jumatano Mzee alikuwa ameziba mwanya kwa ubao wa ukutani, na sakafu imelala, ila sehemu moja karibu na mlango. Hapo mbao zilikuwa zimeingia chini ya fremu ya chuma na patasi haikufika, pakabaki kanundu upana wa sahani. Kwa jicho hupaoni, lakini mguu unapajua. Mama Mbinya, ambaye ana akili kuliko sisi wote, alikuwa ameshavuta kiti cha sofa akakiweka juu yake na kukifunika kitambaa kizuri. Bwana Awiti alipofika na kukiona, alishusha pumzi. Mimi pia.

Bi. Njambi alifika saa tatu na nusu, kabla ya wakati. Alitembea sebule nzima, akainama, akapitisha kidole kwenye maungio, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa ameshafungua begi kutoa mkataba. Hapo Mzee Musembi akakivuta kile kiti pembeni.

"Mama, kanyaga hapa," alisema.

Bwana Awiti alifumba macho. Bi. Njambi akakanyaga, ubao ukalia. Akauliza, "Hapa kumeendaje?"

"Nimekosea. Sikuacha nafasi, sakafu ikaamka, jana nimeshinda naichonga. Hapa nimeshindwa kufika. Mimi naitwa fundi miaka thelathini na hii kitu imenishinda siku ya kwanza. Lakini nina watu wanane pale Ruiru, na hawa hawatakosea hivi, kwa sababu nimeshakosea kwa niaba yao."

Alimwonyesha kila mahali patasi ilipopita. Bi. Njambi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema tangu Julai ameonyeshwa sakafu tano na mafundi tofauti, zote nzuri, na tatu zimeshainuka. Huyu ndiye wa kwanza aliyemwambia kwa nini. Mkataba ulitiwa sahihi juu ya ile meza, na chai ya tangawizi ikaletwa. Niliporudi ofisini nilizichana zile barua tisa kabla hata ya kuvua koti.

Tangu siku hiyo idara imepiga lamineti katika nyumba mia moja na arobaini na tatu, kutoka Juja hadi Nairobi, na hakuna iliyoinuka. Wanane wote bado wako nasi. Bwana Awiti alinisifu mbele ya wafanyakazi kwa jicho langu kali lililouona ule mchoro, na Krismasi hiyo nikapewa cheti.

Cheti hicho, Mzee, sikukistahili. Ile karatasi ilipita mikononi mwangu Jumanne iliyotangulia, makatoni yalipopitia ofisini kwenda Kamenu, siku nane nzima kabla Bi. Njambi hajaja, nilipoitolea nakala ya faili. Mchoro wa tatu niliuona siku hiyo hiyo. Jumatatu Bwana Awiti aliposifu ofisini kwamba wembe haukupita hata ukutani, nilijua kuna tatizo. Nikanyamaza, nikijiambia karani wa taipu hawezi kumfundisha kazi Musembi, huku ufunguo wa zile barua ukiwa shingoni mwangu. Wewe ulikuwa na kila sababu ya kuficha, ukavuta kiti. Mimi sikuwa na hata moja, na nimeficha miaka miwili. Nisamehe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kazi yako, Mzee wetu. Nenda salama wewe na Mama Mbinya, mle kwa afya na mpumzike kwa utulivu wa moyo.

Zainab Idarous,
Ofisi Kuu