Levi Mukhwana na Jiwe la Madhabahuni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mzee Levi Mukhwana, mtunza kanisa letu la mawe hapa Kitale, anastaafu tarehe 30 Juni 2006. Alitoka Myanga mwaka 1975 kuja kupiga kengele kwa muda tu, hadi apatikane mtu wa kudumu. Mtu huyo bado anatafutwa.

Kanisa lenyewe mnalijua. Masetla, wale walowezi wa Kizungu, walilijenga kwa mawe ya kuchonga na madirisha ya upinde, wakaliwekea mlango mwembamba ajabu. Levi ndiye aliyewafundisha mabibi harusi wetu kuingia kwa ubavu. Gauni lililoraruka ni moja tu, la Emmy wa kwaya, na alikuwa ameonywa.

Mwaka 2003 kamati iliamua libomolewe tujenge kubwa. Nafasi ilikuwepo tele hapo kando, ila ilikuwa na mahindi ya Kasisi Kigen, naye akaona heri ziondoke kuta za masetla kuliko mahindi yake. Siku hiyo Levi alilia mbele yetu, bila haya. Kisha akapangusa uso, akatukumbusha kwa upole kwamba chini ya jiwe la madhabahuni amelala mtu.

Mtu gani? Herufi za jiwe zimefutika, na aliyekuwa akilisugua kila Jumamosi ni Levi mwenyewe. Sasa, wanakamati wetu wote wameokoka na hawaamini mambo ya mizimu. Lakini wa kuinua sururu ya kwanza hakupatikana. Mwenyekiti aliumwa mgongo ghafla. Mkandarasi kutoka Malakisi aliuliza kondoo wa kumtakasa baada ya kugusa kaburi atatolewa na nani, na kwa kuwa hakuna aliyeahidi kumtoa, akapakia vifaa vyake akaenda zake. Mwishowe mahindi yaling'olewa, kanisa jipya likajengwa pale, na la mawe bado linatufungisha ndoa.

Wapo wanaosema aliyezikwa ni mbwa wa setla. Wengine wanasema hakuna kitu. Juzi, kwenye chai ya kumuaga Levi, Kasisi Kigen, ambaye hajayasahau mahindi yake, alimsihi aseme ukweli kabla hajaondoka. Levi alimaliza kwanza andazi lake.

"Bomoeni," akasema, "mtaona."

Asante sana, Mzee Levi. Tumekupenda, na tutakukosa kila kengele ikilia. Mungu akupe afya na uzee mtamu huko Myanga. Jiwe hatuligusi, na hatukuulizi tena.