Mama Nyoosha Anaiaga Kliniki ya Mifupa ya Watoto

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mtaalamu wetu wa viungo, ambaye sote hapa tunamwita Mama Nyoosha, anastaafu rasmi mwisho wa mwezi huu.

Alianza kama msaidizi wa chumba cha plasta, akaenda masomoni, akarudi kuongoza kliniki ya mifupa ya watoto. Benchi la nje lilijaa kina mama wenye watoto wa matege. Wengi aliwarudisha nyumbani bila dawa, kwani miguu ya mtoto mchanga hupinda na kwa kawaida hujinyoosha anavyokua. "Huyu haumwi," angesema, "huyu ana umri tu." Bibi mmoja aligoma kuondoka mikono mitupu. Akaambiwa dawa ipo: aache kumfunga mjukuu vibao miguuni. Bibi alinuna hadi getini. Ila mtoto ambaye matege yalizidi, au yalikuwa ya mguu mmoja tu, Mama Nyoosha hakumwacha. Alimfuatilia mpaka kwa daktari wa upasuaji.

Lakini hatuwezi kumuaga kwa vicheko pekee.

Mwaka mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alimleta binti yake, anahema kwa kupanda ngazi tu. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kando hadi mbavu zikabana mapafu. Kwa muda mrefu baba aliona sketi ya shule inaning'inia upande mmoja, akawa anafumua upindo na kuushona upya, huku akilaumu kitambaa. Mkanda mgumu wa mgongo haungefaa tena. Binti aliwekwa kwenye foleni ya upasuaji. Homa ya mapafu ikamwahi, akafariki kabla ya zamu yake.

"Nilikuwa nanyoosha nguo," fundi alimwambia Mama Nyoosha koridoni, "kumbe aliyepinda ni mwanangu."

Mama Nyoosha aliketi naye sakafuni mpaka ndugu za fundi walipofika.

Tangu hapo, kila Jumanne alizunguka shule kwa shule, akiwainamisha watoto mbele na kuwatazama migongo. Shule nyingine zilimfungia mlango. Fundi alimshonea mashati yanayofunguka nyuma, wasichana wakaguliwe kwa staha, wala hakutaka asante. Baadhi waligunduliwa mapema wakaepuka kisu. Wengine walichelewa, na hao ndio anaowataja kwa majina hadi leo.

Kazi imemchosha, tusidanganyane. Nafasi yake haijajazwa. Kikaoni juma lililopita, mganga mkuu aliuliza nani ataendeleza ziara za shule. Tukainamia meza. Mama Nyoosha alikuwa anakunja koti lake. Mwishowe niliinua mkono mimi ninayeandika haya.

"Basi Jumanne, saa mbili asubuhi," akasema Mama Nyoosha. "Usiwachelewee, mwanangu."

Ahsante, mama yetu. Tunakuombea siku zilizobaki ziwe za afya, na usingizi ambao kazi hii ilikunyima ukurudie.